Walizama pamoja, wakagonjwa pamoja

Mwaka 1991, gazeti la waganga wa Afrika Kusini lilichapa habari ya wagonjwa watatu. Wote watatu walikuwa watu wa muchezo wa kuzama: ule wa kufunga chupa ya hewa mugongoni, kuvaa miwani kubwa usoni na kushuka chini ya maji kuangalia samaki. Watu wanalipa pesa nyingi juu ya muchezo huo, wanakwenda kwa kundi wakati wa vakansi, wanarudi na picha. Hapa kwetu mutu anaingia chini ya maji kama wavu umenasa ao kama anatafuta zahabu. Kulipa ili kuangalia samaki bila kumukula, hiyo bado haijafika Ituri.

Ugonjwa wao haukutoka kwenye hewa ya chupa. Ulikuwa homa ya Katayama, ni kusema mwanzo wa bilharzia, ile ambayo Waswahili wa pwani wanaita kichocho. Jina Katayama ni la sehemu moja ya Japani, kule wakulima wa mupunga walikuwa wanatoka shambani na miguu inawasha, kisha homa. Wajapani waliupiga vita ule ugonjwa mpaka wakaumaliza kwao. Sisi tuko nao bado, na musomaji wa Shari asiseme kwamba ni mambo ya ziwa tu na haimuhusu. Inamuhusu kwa sababu ya siku ya Mungu.

Kila mara barabara ikitulia, vikundi vinatoka Bunia na kutelemuka mpaka Kasenyi ao Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Kwaya inakwenda kupumzika. Wanafunzi waliomaliza Exetat wanakwenda kufurahi. Kanisa inapeleka watu wake kwenye ubatizo wa maji mengi, muchungaji anasimama maji mpaka kiunoni, masaa na masaa. Watu wanaoga, wanakula samaki, jioni wanapanda tena mulima kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo vakansi yetu ya maji, na kwa huyu mududu haina tofauti na ile ya wazungu wenye chupa.

Mududu mwenyewe anafanya kazi namna hii. Mutu mwenye ugonjwa anajisaidia pembeni ya maji, mayai ya munyoo yanaingia majini na kupasuka. Kitoto kinachotoka ndani kinatafuta konokono. Kikiingia ndani ya konokono kinaongezeka, na kisha wiki kadhaa konokono inaanza kutapika wadudu wadogo sana kila siku, elfu na elfu, zaidi wakati jua iko kali. Ni ile saa sisi tunasema maji imekuwa tamu ya kuoga. Mududu akikuta ngozi ya mutu anaingia kwa dakika chache. Hakuna haja ya kidonda, wala ya kunywa maji. Anapita katika damu, anafika kwenye ini, anakomaa, kisha mume na muke wanakaa pamoja ndani ya mishipa ya matumbo na kutaga mayai kwa miaka mingi.

Konokono wanapenda maji yenye kutulia, majani ya pembeni, fasi ya kina kifupi. Kwa hiyo mara nyingi hatari ya mwenye kuzama haiko kule chini anapoogopa. Iko pembeni, pale anasimama maji ikifika magotini, anavaa vitu vyake na kucheka na wenzake. Na kwa habari ya konokono, ziwa letu lina moja ambayo wataalamu waliipa jina Biomphalaria stanleyi, kwa heshima ya Stanley yule yule wa safari. Wengine wanaachiwa sanamu, yeye aliachiwa pia konokono ya bilharzia.

Sasa twende kusini kidogo, Ziwa Malawi, kwa sababu kule ndiko dunia ya watalii ilifunguka macho. Fasi inaitwa Cape Maclear ni nzuri, maji inang'aa kama kioo, samaki za rangi zote, na watu wa kuzama wanakwenda kule toka nchi nyingi. Kwa miaka mingi watalii waliambiwa kwamba hapana bilharzia pale. Mwaka 1992, vijana wawili Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi ya kujitolea Malawi wakapatwa na ugonjwa kwenye mishipa ya ubongo na uti wa mugongo, kwa sababu mayai ya munyoo yalifika mpaka kule. Walikuwa wameoga Cape Maclear. Waganga wakaanza kupima wageni wengine. Matokeo yalichapwa mwaka 1996: karibu mutu moja kwa watatu, kati ya wageni waliopimwa damu, alikuwa na alama ya kuambukizwa, na kadiri mutu alivyokaa miaka mingi ndivyo hesabu ilipanda. Wengi walikuwa hawasikii kitu.

Watafiti walitafuta pia juu ya nini ziwa lililokuwa na sifa limegeuka. Jibu moja walilotoa linapaswa kuwashitua wavuvi wetu: pale samaki wanaokula konokono walivuliwa kupita kiasi, konokono waliongezeka. Nyavu za matundu madogo hazimalizi samaki tu.

Kuna habari nyingine mbili za makundi. Waisraeli waliotembelea Tanzania, 27 kati yao waliingia kwenye maji ya bwawa moja. 22 waliambukizwa. Na mwaka 2011 waganga wa Antwerp waliandika juu ya Wabeljiji, wakubwa kwa watoto, walioogelea katika Ziwa Muhazi, Rwanda, jirani yetu kabisa. Homa ilikuja wiki kadhaa baadaye.

Hizo wiki ndizo zinadanganya watu. Siku ya kwanza mutu anaweza kuwashwa kidogo, anasema ni majani, ao hasikii kitu kabisa. Kisha wiki 2 mpaka 8 zinapita. Siku moja homa inapanda, anatoka jasho usiku, anakohoa kikavu, tumbo inauma, anahara, mwili unatoka vipele vya kuwasha kama mutu aliyekula kitu kibaya. Katika Bunia, mutu mwenye homa anajiambia neno moja tu: malaria. Ananunua dawa kwa pharmacie, anameza, homa haiishi. Anaongeza dawa ya typhoïde. Mara nyingi homa inatulia yenyewe nyuma ya wiki chache, na dawa ya mwisho aliyomeza inapata sifa ya bure.

Juu ya nini wale Wabeljiji walijulikana mbio? Si kwa sababu mashini ya Ulaya inaona yote. Kipimo cha choo cha siku za kwanza kinaweza kutoka bila kitu, kwa sababu minyoo bado haijaanza kutaga. Walisaidiwa na mambo mawili ambayo hayaombi mashini. La kwanza, munganga anayeona musafiri anauliza: uliingia maji gani? La pili, walikuwa kundi. Mutu moja mwenye homa ni mugonjwa. Watu 5 wa safari moja, wenye homa katika wiki zile zile, ni alama ya njia. Mutu akihesabu siku kurudi nyuma anafika pale pale walioga pamoja.

Hapa kwetu kundi linavunjika kwenye kituo cha gari. Moja anarudi Shari, moja Mudzipela, mwingine Nyakasanza, na kila mutu anagonjwa kwake, anakwenda kituo cha afya cha karibu na kwake, na hakuna muuguzi anayejua kama kuna wengine. Kiongozi wa kwaya anaona tu sauti ya pili haikuja kwa repetisyo wiki mbili. Yeye, kuliko munganga yeyote, ndiye anashika liste ya majina ya waliokwenda. Kama waimbaji watatu wana homa mwezi moja nyuma ya safari ya ziwa, hiyo liste ipelekwe kwa munganga pamoja na tarehe ya kuoga. Ni karatasi moja tu.

Kuna jambo lingine lenye kuchanganya watu, na hapa neno lenyewe kichocho lina makosa yake. Katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki mutu akisikia kichocho anawaza mukojo wa damu. Ile ni bilharzia ya aina nyingine, inayokaa kwenye kibofu. Ya Ziwa Albert na ya Ituri ni ile ya matumbo na ini. Damu ikionekana, itaonekana katika choo kikubwa, na mara nyingi haionekani hata kidogo. Mutu wa Tchomia anayesubiri mukojo mwekundu ili aende kujipimisha atasubiri mpaka ini ikomae kama jiwe.

Na hapa tufike kwa watu ambao hawako kwa vakansi. Mwaka 2021 watafiti wa Ituri, pamoja na wenzao wa Basel kule Uswisi, walichapisha kazi yao juu ya bilharzia katika provensi yetu. Walikuta ugonjwa umetawanyika, na vijiji vya karibu na ziwa ndivyo vinaumia zaidi. Walikuta pia ini na bandama zilizovimba. Upande wa Uganda, kwenye vijiji vya wavuvi kama kule Butiaba, wataalamu wamepima miaka mingi na kukuta zaidi ya nusu ya watu wana munyoo. Maji ni yale yale, hayana mupaka.

Mutoto aliyezaliwa pembeni ya ziwa hapati mara nyingi ile homa kali ya mugeni. Mwili wake ulizoea toka tumboni mwa mama. Yeye anaumia polepole: anakosa damu, anachoka, masomo hayaingii. Akifika utu uzima, mayai yaliyokwama kwenye ini yameleta makovu, damu haipiti vizuri, tumbo inajaa maji, mishipa ya koo inavimba. Siku moja anatapika damu nyingi na kufa. Kwenye matanga watu hawasemi munyoo. Wanasema walimuroga, ao walimutilia sumu ndani ya pombe, na familia mbili zinaachana kwa sababu ya konokono. Hii habari ya sumu ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu uchungu wake unabaki hata nyuma ya kaburi.

Vita nayo imesukuma watu kwenye maji. Mwaka 2018 makumi ya maelfu walikimbia Djugu, wengi wakapita Tchomia na kuvuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Uganda. Wengine walibaki pembeni, bila choo, bila pompe, wakifua, wakioga na kuchota fasi moja. Huwezi kumwambia mama huyo asiingie majini. Ushauri wa watalii hapa unafika mwisho.

Kuna mambo yanayowezekana hata hivyo. Maji ya ziwa yaliyochotwa bila konokono na kufungwa ndani ya pipa siku 2 kamili, yanafaa kuoga, kwa sababu mududu asiyepata ngozi anakufa. Hiyo haiondoe kipindupindu: ya kunywa yachemshwe. Maji yenye kukimbia kwa nguvu si kao la konokono, lakini pembe za mito zinazotulia, mabwawa na mashimo ya zahabu yaliyojaa maji, ndiyo kao lake. Mutu wa Shari asiseme kwamba mbali na ziwa mambo imekwisha. Choo pia: kama mavi hayafiki majini, konokono inabaki konokono tu.

Dawa inaitwa praziquantel. Si ya bei ya ajabu, imetumika toka zaidi ya miaka 40, na kwa kawaida inahesabiwa kufuatana na kilo za mutu, ndiyo maana kuomba vidonge viwili kwa duka bila kupimwa ni kazi bure. Kwa mugeni aliyeoga juzi kuna jambo la kujua: dawa inaua minyoo mikubwa, haiui ile midogo. Mutu anayeimeza mapema sana anaona amepona, kumbe waliobaki wanakomaa. Kwa hiyo munganga anaipanga kisha wiki kadhaa, na mara nyingi anairudilia. Wakati homa ya Katayama iko kali, wanaanza kwanza na dawa nyingine ya kutuliza mwili. Hapa mutu asijitibu mwenyewe.

Kwa miaka mingi vidonge vya bure viligawanywa zaidi kwa watoto wa masomo, miaka 5 mpaka 14. Mwalimu anasimamisha mutoto pembeni ya muti wenye alama, urefu wake unaonyesha hesabu ya vidonge. Mwaka 2022, OMS ilibadilisha maneno: pale ugonjwa umeenea, wapewe watu wote toka miaka 2, na wakubwa pia. Karatasi ilikwisha kuandikwa. Lakini mwanafunzi anapatikana darasani saa mbili asubuhi, na mwalimu ana majina yake. Muvuvi wa Tchomia mwenye miaka 40, saa hiyo, iko ndani ya ziwa mpaka kiunoni anavuta wavu.