Asali Hii Imetoka Wapi? Iulizeni Chavua

Kwa miaka mingi, ukigeuza chupa ya asali ya supamaketi hapa Ujerumani, mara nyingi umekuwa ukikuta maneno yaleyale: mchanganyiko wa asali kutoka nchi za Umoja wa Ulaya na nchi zisizo za Umoja huo. Yaani imetoka duniani. Sheria ya Umoja huo iliyopitishwa 2024 inataka nchi zitajwe moja moja pamoja na asilimia zake, kuanzia tarehe 14 Juni 2026. Sawa, lakini lebo haikatai kuandikwa chochote. Anayeweza kuisuta ni mtaalamu wa chavua.

Nyuki akiingia uani kufyonza mbochi, unga wa chavua humganda mwilini na chembe kadhaa hudondokea ndani ya mbochi. Zinasafiri naye hadi mzingani na kubaki kwenye asali. Ganda la chembe hizi ni gumu kiasi kwamba hata asidi kali hailiozeshi, na umbo lake hutambulisha mmea. Ya alizeti ina miiba. Ya mkaratusi ni pembetatu. Ya mhindi ni duara lenye tundu moja, na za migunga hushikamana kwa mafungu, mara nyingi chembe 16 kwa fungu. Mswisi Pfister alishaonyesha mwaka 1895 kwamba kwa njia hii unaweza kubaini asili ya asali.

Maabara huchukua gramu 10 za asali, huziyeyusha katika mililita 20 za maji ya vuguvugu, kisha huzungusha mchanganyiko kwa kasi mpaka mashapo yatue chini. Tone la mashapo hayo huwekwa juu ya kioo, na mtu hukaa kwenye hadubini akihesabu chembe 300 au zaidi. Ni kazi ya kuumiza shingo. Aina moja ikifika asilimia 45, kwa kawaida asali huitwa kwa jina la mmea huo.

Tatizo ni kwamba mimea haitoi chavua kwa kiwango kimoja. Mchungwa una mbochi tele na chavua haba, kwa hiyo asilimia 10 hadi 20 tu inaweza kutosha kuiita asali ya machungwa. Chestinati ya Ulaya ni kinyume chake: chavua yake hufurika, na maabara hudai karibu asilimia 90 kabla ya kukubali jina. Anayesoma hesabu bila kuujua mmea atapotoka.

Asali ya kwetu Tanzania nayo ina yake. Kwenye mizinga ya magome ya Tabora, sega zima huweza kukamuliwa, pamoja na vijumba ambamo nyuki wameweka akiba ya chavua kwa ajili ya majana. Chavua hiyo haikuja na mbochi, imeletwa miguuni. Ikichanganyika, hesabu huvimba na kukuonyesha chakula cha nyuki badala ya chanzo cha asali. Isitoshe, maabara isiyo na vioo vya kulinganishia vya mitundu na miyombo itaona chembe tu, isijue za nani. Vioo hivyo vinatokana na maua yaliyochumwa mtini na mtu anayeujua mti. Binafsi naona hapo ndipo fedha za utafiti zingeanzia, si kwenye lebo za kupendeza.

Chavua ikiondolewa, ushahidi huu hupotea. Mwaka 2011 nchini Marekani, Profesa Vaughn Bryant wa Texas A&M alipima chupa zaidi ya 60 zilizonunuliwa madukani; zaidi ya robo tatu ya zile za maduka makubwa hazikuwa na chavua kabisa. Hilo peke yake si uthibitisho wa wizi, lakini linamfungia mlango anayetaka kuhakikisha. Kuitoa yote kunahitaji vichujio vya matundu madogo mno na shinikizo kubwa, kwa sababu chembe nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Kitambaa anachochujia asali shangazi yangu kule Sikonge, Tabora, huzuia nta na mabawa, lakini chavua hupita.