Ndala Zilizorudi kutoka Baharini

Ni nyumba gani isiyo na ndala? Wengine twaziita kandambili, wengine malapa, wengine slipa, lakini kitu ni kilekile. Ni viatu vya bafuni na vya uani, viatu vya kumtuma mtoto dukani, na kwa wengi wetu ndivyo viatu vya kila siku. Ukanda ukichomoka, tunautia msumari kwa chini na safari inaendelea. Ukikatika kabisa, ndala hutupwa jaani, na tangu hapo hakuna anayeuliza imekwenda wapi.

Imekwenda mbali. Mvua huitoa jaani na kuitia mtaroni, mtaro huipeleka mtoni, na mto huifikisha baharini. Kwa kuwa ndala huelea na haiozi kama ganda la ndizi, mikondo ya bahari huichukua hata ikaja kutupwa pwani ya watu wengine, pengine nchi nyingine kabisa. Basi yule mama wa pwani anayeamka na kukuta ufuo umejaa ndala asizopata kuzivaa, huokota taka za wenzake asiowajua.

Katika makala hii tunataka kuwasimulia juu ya wasanii wa siku hizi walioamua kushika taka, madumu na hata barafu kwa mikono yao, ili waseme juu ya hatari inayoikabili dunia: joto linaloongezeka, ukame, mafuriko, na bahari inayochafuka. Tunajua yuko atakayeuliza, "Je, sanaa hujaza sufuria?" Swali hilo ni la haki. Tutalifikia.

Watoto wa Kiwayu

Kiwayu ni kisiwa kidogo kaskazini ya Lamu, katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, nchini Kenya. Huko kasa hupanda ufuoni usiku kutaga mayai yao mchangani. Mwaka 1997 Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari, alikuwa akifanya kazi sehemu hizo. Alikuta ufuo umefunikwa na ndala zilizoletwa na maji, hata ikawa taabu kwa kasa kupanda. Lakini aliona na jambo jingine. Watoto wa kijijini walikuwa wakizikata zile ndala na kuzifanya vitu vya kuchezea.

Hapo kila mama atatabasamu, maana ni nani kati yetu asiyejua gari la waya lenye magurudumu ya ndala? Church aliwashauri mama za watoto wale waziokote ndala, wazioshe, na kutengeneza vitu vya kuuza. Akina mama wakakubali. Kutokana na mwanzo huo mdogo kulikuja kuanzishwa kampuni iitwayo Ocean Sole, ambayo karakana yake iko Nairobi. Ndala huoshwa, hugandishwa pamoja kuwa bonge, kisha huchongwa twiga, tembo, simba na kasa wa rangi nyingi. Wengine ni wadogo wa kutosha kutiwa kwenye ufunguo, wengine wanampita mtu mzima kimo. Baadhi ya mafundi wake walikuwa wachongaji wa miti. Siku hizi kisu kilekile kinachonga ndala na mti unabaki umesimama.

Tungependa msomaji akumbuke kwamba wasanii wa kwanza katika habari hii walikuwa watoto wasio na pesa ya kununua vitu vya kuchezea, na waliofuata ni mama zao.

Jahazi lisilo na mbao

Tukiwa bado Lamu, twendeni kwa fundi Ali Skanda. Huyu ni fundi wa majahazi, na Lamu ni mji ambao ufundi huo hurithiwa. Mwaka 2016 Ben Morison, mfanyabiashara wa utalii, alileta wazo ambalo wengi wangelicheka: kujenga jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa. Skanda na wenzake walilishika wazo hilo. Taka zikakusanywa ufuoni na mitaani, zikachambuliwa, zikasagwa, zikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu hata zikawa magogo na mbao za plastiki.

Si kazi nyepesi kama inavyosimuliwa. Fundi aliyezoea mti anaujua mti: anajua utapinda wapi na utapasuka wapi. Plastiki haina nyuzi kama mti, na jua likiwaka hulegea. Ilimbidi fundi mzoefu ajifunze upya kama mwanagenzi. Hata hivyo jahazi lilipata mkuku na mataruma kama jahazi lolote la kwetu, likawa na urefu wa mita 9. Liliingiwa na tani 10 hivi za taka za plastiki, na mwili wake ukavikwa vipande vya ndala 30,000. Likapewa jina Flipflopi Ndogo. Mtu akiliona kwa mbali hudhani limevaa khanga.

Mwezi Septemba 2018 lilishushwa majini Lamu. Januari 2019 lilitweka tanga kuelekea Unguja, safari ya kilomita 500 hivi, na njiani lilitia nanga katika miji na vijiji vya pwani ili watu walipande, walipapase, waulize. Mwaka 2021 likazunguka Ziwa Viktoria, likafika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa taka za ziwani nazo zimezidi.

Huenda mwingine akasema kwamba taka ni jambo moja na hali ya hewa ni jambo jingine. Ukweli ni kwamba plastiki yatokana na mafuta ya petroli na gesi, vitu vilevile vinavyochomwa magarini na viwandani na kuipasha dunia joto. Nayo mvua kubwa ikija, mtaro uliozibwa na plastiki ndio huyarudisha maji hadi chumbani. Waliokumbwa na mafuriko ya Kenya na Tanzania mwaka 2024 hawahitaji kufundishwa hilo.

Dumu la njano

Kutoka pwani yetu turuke hadi Accra, mji mkuu wa Ghana, maana kule yuko msanii aliyechagua kitu ambacho kila mwanamke wa Afrika amewahi kukibeba kichwani. Ni lile dumu la njano. Hufika nchini limejaa mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, huanza maisha mapya ya kuteka maji. Wananchi wa Ghana waliyaita madumu hayo kwa jina la Rais John Kufuor, aliyetawala kutoka 2001 hadi 2009, kwa sababu siku za utawala wake maji yalikuwa haba na madumu yalionekana kila mahali yamepangwa foleni.

Serge Attukwei Clottey, mzaliwa wa mji huo, huyakata madumu yaliyochakaa vipande vya mraba, huvitoboa na kuviunga kwa waya wa shaba, hata vikawa kama zulia kubwa. Kazi hii haifanyi peke yake. Huwashirikisha watu wa mtaa wake. Mazulia yake ya njano yametundikwa kwenye kuta za maonyesho nchi za ng'ambo, na pia ametandika barabara ya njano mtaani kwao Labadi, watu wapite juu yake.

Tunampenda msanii huyu kwa kuwa hakutafuta mfano wa mbali. Watu wa mikutano huzungumza juu ya upungufu wa maji kwa mahesabu. Mama huujua kwa shingo yake, na kwa binti aliyekosa kipindi cha kwanza shuleni kwa sababu foleni ya bomba ilikuwa ndefu. Kati ya 2020 na 2023, Kenya, Somalia na Ethiopia zilipata misimu mitano mfululizo ya mvua iliyoshindwa. Katika sehemu zilizokauka, dumu ndilo lililopanga ratiba ya nyumba nzima.

Barafu katikati ya mji

Wasanii wa Ulaya nao wana njia yao. Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland, alishirikiana na mtaalamu wa mawe Minik Rosing wa Greenland. Desemba 2015, mataifa yalipokutana Paris kujadili hali ya hewa, waliweka mapande 12 makubwa ya barafu katika uwanja mmoja wa mji huo, yamepangwa duara kama saa. Barafu hiyo ilikuwa imekwisha kumeguka yenyewe, ikaokotwa ikielea majini huko Greenland. Wapita njia waliishika, wakaikumbatia, watoto wakailamba. Siku hadi siku ikapungua, hata ikaisha.

Kulikuwa na walionung'unika, na tunadhani walikuwa na haki ya kuuliza. Je, kuisafirisha barafu yote hiyo kwa meli na malori hakukuongeza hewa chafu? Eliasson hakulikwepa swali; hesabu ya hewa ya ukaa iliyotokana na safari hiyo ilipigwa na kutangazwa. Hilo ni jambo la uungwana, ingawa sisi wenyewe, tukiambiwa tuchague, twachagua jahazi la Lamu, ambalo limeondoa taka ufuoni hata kabla halijasema neno.

Isitoshe, wenzetu wa Moshi hawakuhitaji barafu iletwe kwa meli. Wamekua wakiiangalia ya Kilimanjaro ikipungua juu ya vichwa vyao. Kati ya 1912 na 2007 mlima huo ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake.

Na sufuria je?

Sasa tulijibu lile swali. Akina mama wa Kiwayu walijibu kwa njia fupi: ndala zilizooshwa ziliuzwa, na pesa ikanunua unga. Lakini si kila sanaa huuzwa, wala si lazima iuzwe. Jahazi la ndala halikutunga sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria ni kazi ya serikali. Kile jahazi lilichofanya ni kumfanya mtoto wa Kipini au Pemba aguse kwa mkono wake kitu kilichotengenezwa kwa takataka, akaenda nyumbani kumweleza mama yake.

Hapa tunataka kusema jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Katika mazungumzo haya ya mazingira, lawama hupenda kuteremka hadi ziishie jikoni. Mama huambiwa asitumie hiki, asitupe kile, asikate kuni. Ndala ni kiatu cha asiyeweza kununua kiatu kingine. Si yeye aliyechagua kitengenezwe kwa kitu kisichooza, wala si yeye aliyeacha mtaa wake bila gari la taka. Wasanii tuliowataja, kwa maoni yetu, wanafanya vizuri wanapoonyesha dumu na ndala bila kumdhihaki aliyezitumia. Waliovitengeneza na kuviuza, na halmashauri zinazopokea kodi, nao waje waangalie.

Yuko mama mmoja wa New York aliyeliona jambo hili mapema. Mierle Laderman Ukeles alikuwa msanii, akajifungua mtoto wa kwanza mwaka 1968, na ghafla siku zake zikaisha katika nepi, vyombo na kufagia. Watu wakamwona kana kwamba ameacha sanaa. Mwaka 1969 akaandika tamko kwamba kazi hizo za kutunza, zinazorudiwa kila siku bila sifa, atazifanya kuwa ndizo sanaa yake. Mwaka 1977 akaingia katika idara ya usafi ya mji huo kama msanii asiyelipwa mshahara. Kuanzia 1979 hadi 1980 aliwaendea wazoa taka 8,500, mmoja mmoja, akampa kila mtu mkono na kumshukuru kwa kuuweka mji hai. Mwaka 1983 akalivisha gari la taka vioo vizito ubavuni. Lilipopita katika gwaride, watu waliosimama kando walijiona wenyewe ndani ya gari la taka.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Siku ya mapumziko, wakusanye watoto watafute ndala zilizochakaa nyumbani na kwa majirani. Zisuguliwe kwa sabuni na brashi mpaka mchanga utoke, zikaushwe kivulini. Chora duara kwa kutumia kikombe, kisha wewe mama ushike wembe au kisu kikali, usimwachie mtoto. Kwa gari moja la waya unahitaji maduara manne yanayolingana, na mtoto atakuonyesha mwenyewe yanavyofungwa. Mwenye mkono mwepesi anaweza kuunganisha rangi mbili au tatu kwa gundi kabla ya kukata, gurudumu likatoka na mistari.

Makombo usiyachome wala usiwashie mkaa, maana moshi wa ndala una sumu na watoto ndio hukaa karibu na jiko. Yakate madogo madogo, uyajaze katika mfuko wa kitambaa kizito, uushone mdomo. Utapata mto mzuri wa kukalia wakati wa kuchambua mboga.