Kwa Nini Folikuli Moja Hupevuka na Nyingine Hufa: Kazi ya Homoni na Vipokezi Vyake

Katika kliniki za magonjwa ya wanawake, maneno "ovari zako zina vifuko vingi" huzua hofu kubwa. Mgonjwa aliyekuja kwa sababu hedhi yake hupotea miezi miwili au mitatu huondoka na karatasi ya ultrasaundi akiamini kwamba ana uvimbe unaopaswa kukatwa, au kwamba mayai yake yameharibika. Imani zote mbili si sahihi. Vifuko hivyo ni folikuli, kila kimoja kikiwa na yai ndani yake, zilizoanza kukua zikasimama njiani. Sababu ya kusimama kwake haieleweki vizuri kabla ya kujua folikuli hukuaje kwa mwanamke ambaye hedhi yake haina tatizo.

Mwanamke hatengenezi mayai mapya kila mwezi. Idadi ya mayai hufikia kilele akiwa bado tumboni mwa mama yake, kama milioni 6 hadi 7 kwenye juma la 20 la ujauzito. Anapozaliwa hubaki milioni 1 hadi 2, na anapovunja ungo ni kama laki 3 hadi 4. Kati ya hayo, mayai yapatayo 400 tu ndiyo yatakayopevuka na kutoka katika maisha yake yote. Mengine hufa kidogo kidogo kila siku, awe mjamzito, awe ananyonyesha, au awe anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. (Hapa ndipo dai kwamba vidonge "humaliza mayai" linapokosa msingi: vidonge huzuia folikuli kufika hatua ya mwisho, wala haviiteketezi akiba.)

Safari ya folikuli huchukua miezi mingi, na sehemu yake ya mwanzo huenda bila kutegemea homoni za tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Utegemezi huanza folikuli inapofikia kipenyo cha milimita 2 hadi 5. Kuanzia hapo haiwezi kuishi bila homoni ya FSH, na baadaye kidogo huhitaji pia homoni ya LH. Zote mbili humwagwa na pituitari katika damu na kufika kila mahali mwilini. Hata hivyo, homoni haifanyi kazi yoyote mahali pasipo na kipokezi chake, yaani protini iliyo kwenye ukuta wa seli ambayo huishika homoni hiyo peke yake na kupitisha ujumbe ndani ya seli. Ni kama matangazo ya redio: mawimbi hufika katika kila nyumba, lakini husikika tu penye redio.

Folikuli ina tabaka mbili za seli zilizogawana vipokezi. Seli za nje, ziitwazo theka, zina vipokezi vya LH. Zikipata LH hutumia kolesteroli kutengeneza androjeni. Seli za ndani, ziitwazo granulosa, zina vipokezi vya FSH. Zikipata FSH huamsha kimeng'enya cha aromatezi, ambacho huzigeuza androjeni hizo kuwa estrojeni. Kwa hiyo androjeni, zilizozoeleka kuitwa homoni za kiume, ni malighafi ambayo bila hiyo homoni kuu ya kike haipatikani.

Mwanzoni mwa mzunguko wa hedhi kiwango cha FSH hupanda kidogo, na kundi la folikuli huanza kukua pamoja. Folikuli yenye mwitikio mzuri zaidi kwa FSH hutangulia kutoa estrojeni nyingi pamoja na homoni ya inhibini, na zote mbili huiamuru pituitari ipunguze FSH. Hapo ndipo hatima ya kundi zima huamuliwa. FSH inaposhuka, folikuli zilizochelewa hukosa kichocheo na kufa. Ile iliyotangulia husalimika, kwa sababu inaweza kuishi kwa FSH kidogo, na kwa sababu inapofikia milimita 10 hivi seli zake za granulosa huota vipokezi vya LH. Imepata mlinzi wa pili ambaye wenzake hawana. Estrojeni yake inapobaki juu kwa takriban siku mbili, ubongo hubadili msimamo na kuruhusu LH ipande kwa ghafla. Saa 36 hivi baadaye yai hutoka, folikuli ikiwa na kipenyo cha milimita 20 au zaidi kidogo.

Ushahidi kwamba kipokezi kina uzito sawa na homoni yenyewe ulitoka Finland mwaka 1995. Watafiti waliwachunguza wanawake wa familia kadhaa waliokuwa na ovari zisizofanya kazi, na wakakuta hitilafu ya kurithi katika jeni ya kipokezi cha FSH. Damu yao ilikuwa na FSH tele, na ovari zao zilikuwa na folikuli, lakini hizo hazikuvuka hatua za awali. Kumwongezea FSH mwanamke wa namna hiyo hakumsaidii.

Katika ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ambao huwapata takriban wanawake 10 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, kasoro ni ya aina nyingine. LH mara nyingi huwa juu, na insulini pia, hasa kwa wenye uzito mkubwa. Ngozi nyeusi na nene shingoni ni dalili ambayo mhudumu wa afya anaweza kuiona bila kipimo chochote. Insulini huungana na LH kuzisukuma seli za theka zitoe androjeni kupita kiasi. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walionyesha jambo la kuvutia zaidi: seli za granulosa za wagonjwa wasiopevusha mayai huanza kuitikia LH zikiwa katika folikuli za milimita 4 tu. Kinga iliyopaswa kuwa ya folikuli moja iliyokomaa huja kabla ya wakati wake, na ukuaji husimama. Ndiyo maana ultrasaundi huonyesha vifuko vingi vidogo vya ukubwa unaolingana. Jina la ugonjwa, kwa kweli, limewapotosha wagonjwa na wahudumu vilevile.

Tiba hupita katika njia hizohizo. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 hushusha insulini na huweza kurudisha upevushaji. Dawa ya letrozoli huzuia aromatezi kwa siku chache. Estrojeni hushuka, na pituitari hujibu kwa kuongeza FSH. Klomifeni huuhadaa ubongo kwa kuziba vipokezi vya estrojeni, lakini huziba pia vile vya utando wa mji wa mimba, ambao unaweza kubaki mwembamba. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliohusisha wanawake 750 wenye ugonjwa huu, asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua watoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni. Dawa hizi hazifai kununuliwa kiholela katika maduka ya dawa: zikitumiwa bila uangalizi, folikuli kadhaa huweza kupevuka kwa pamoja, na mimba ya mapacha ina hatari zake. Majibu ya mbegu za mume nayo yapatikane kwanza, maana mwanamke hutibiwa miezi mingi bure pale tatizo linapokuwa kwa mwenzake.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika kwa asiyetafuta mtoto. Yai lisipotoka, projesteroni haipatikani, na utando wa mji wa mimba huendelea kunenepeshwa na estrojeni peke yake mwaka baada ya mwaka, jambo linaloongeza uwezekano wa saratani ya utando huo. Mwanamke anayekaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, na ambaye si mjamzito, apelekwe kwa daktari. Vidonge vya uzazi wa mpango au projestini ya siku chache kila baada ya miezi michache huulinda utando huo.