Chujio la Sponji Halizuii Vumbi Bila Oili
Wakati huu wa kiangazi, waendesha pikipiki wengi katika kata huosha chujio la hewa la sponji, kisha hulirudisha likiwa kavu. Hapo ndipo injini huanza kuumia. Matundu ya sponji ni makubwa kuliko chembe nyingi za vumbi. Kinachozinasa ni oili. Vumbi likipenya husaga silinda na ringi za pistoni, na pikipiki huanza kula oili na kutoa moshi. Sabuni na oili kidogo ni nafuu mno kuliko kufungua injini.

Sponji ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, iminywe bila kusokotwa, maana ikisokotwa huchanika. Petroli isitumike, huiharibu, tena hushika moto upesi. Ikishakauka kabisa kivulini, ipakwe oili maalumu ya chujio, au oili safi ya injini iwapo kitabu cha pikipiki kinairuhusu, kisha iminywe hadi iache kudondosha. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo baadhi ya mafundi huitumia, haifai: hurudisha uchafu uleule. Sponji iliyochanika inunuliwe nyingine.

Chujio la karatasi halioshwi wala kupakwa oili, hubadilishwa.