Mjane Aliyesimamisha Chupa kwa Shingo

Sogeeni wajukuu zangu. Na wewe, iweke chini hiyo soda, usiitikise. Tutaihitaji.

Katika mji wa Reims, Ufaransa, aliishi Barbe-Nicole Ponsardin. Mumewe, François Clicquot, alifariki mwaka 1805, akamwachia binti mmoja na biashara ya mvinyo. Mama mwenyewe alikuwa na miaka 27. Zama hizo sheria ilimbana mke: bila idhini ya mume hafanyi biashara. Mjane, yeye, alikuwa huru. Basi akamwendea baba mkwe, akaomba mtaji, akapewa. Chupa zake zikaitwa Veuve Clicquot, yaani Mjane Clicquot. Mwaka 1814, mtawala wa Ufaransa, Napoleon, ameanguka tu, akasafirisha kwa siri chupa 10,550 kwenda Urusi, washindani wangali wamelala.

Warusi wakanywa, wakataka zaidi. Hapo ndipo shida ilipomkaba.

Mmemwona mama akikanda maandazi? Hamira inakula sukari, inatoa hewa, unga unaumuka. Shampeni, huo mvinyo wake wenye povu, ni hivyo hivyo, ila ndani ya chupa iliyozibwa. Hewa haina pa kutokea. Inasukuma kuliko upepo wa tairi la gari, zaidi ya mara mbili! Chupa zilipasuka ovyo, hata wafanyakazi wa ghalani wakavaa vinyago vya chuma.

Kisha hamira hufa, ikaacha masimbi. Mvinyo unakuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Ukiumiminia chupa nyingine, povu limekwenda zake. Utafanyaje?

Mwaka 1816 mjane alitwaa meza (wasimulizi husema ni ya jikoni kwake, nami napenda kuwaamini), akaitoboa matundu, akasimamisha chupa humo, shingo chini. Kila siku mtu hupita, hushika kitako cha chupa, akakizungusha kidoogo, akaacha. Wiki baada ya wiki masimbi yanateremka taratibu, mpaka yote yamelala juu ya kizibo. Sasa zibua: pwaa! Hewa yenyewe inayatapika. Upesi jazia kilichomwagika, ziba tena. Inua chupa kwenye mwanga: unaona hadi upande wa pili.

Haya, lete ile soda. Igeuze, itikise, ukae tayari kuizibua... La, la, si humu ndani! Twendeni uani!