Nywila si sehemu ya programu

Mwanafunzi anayeunda tovuti huiandika nywila ya hifadhidata papo hapo katikati ya programu, na mwalimu, akiona kazi inakwenda, humpa alama zote. Mwaka 2016 wadukuzi wawili waliingia katika ghala la programu la kampuni ya Uber, wakakuta funguo humo, wakachukua habari za watu milioni 57. Kampuni ilinyamaza hadi Novemba 2017! Ilhali tangu 2011 Adam Wiggins alikwisha kushauri kwamba mipangilio inayobadilika kutoka mtambo hadi mtambo ikae nje ya programu. Kipimo chake ni kimoja: je, programu yako yaweza kuanikwa hadharani leo hii bila siri kufichuka? Wasahihishaji wa miradi na waanzie hapo, kabla ya kusifu rangi za kurasa.