Jasho la Jana na Mshahara wa Leo

Yako maswali ambayo mpenda kandanda huyajibu kwa moyo, lakini mweka hazina hana budi kuyajibu kwa hesabu. Mojawapo ni hili: mchezaji aliyeiletea timu yake vikombe miaka iliyopita, je, alipwe mshahara mnono leo ingawa miguu imechoka?

Kule Uingereza, hadi Januari 1961, mchezaji hakuruhusiwa kupokea zaidi ya pauni 20 kwa juma, hata viwanja vikifurika watu. Chama cha wachezaji, chini ya Jimmy Hill, kilitishia kugoma, na kiwango hicho kikafutwa. Punde Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100. Hiyo ilikuwa haki, maana walidai ujira wa kazi waliyokuwa wakiifanya.

Barcelona yatufundisha upande wa pili. Iliwaongezea mikataba minono baadhi ya mabingwa wake wa Ulaya wa 2015. Agosti 2021, ikiwa na deni la zaidi ya euro milioni 1,000, ilishindwa kumwandikisha upya hata Lionel Messi, iliyemlea tangu utotoni.

Twasema wazi: ahadi ya mkataba ni deni, na deni hulipwa. Fadhila za jana zilipwe kwa kiinua mgongo, kilichowekwa akiba mchezaji angali na nguvu. Lakini mshahara wa leo ni wa kazi ya leo. Kuuchanganya na shukrani ni kumnyima kijana nafasi, na kuifilisi timu iliyo mali ya wote.